Tairi Linalopungua Upepo Polepole na Rimu ya Aloi Yenye Ufa: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Tairi lililochomwa na msumari mnene hujieleza lenyewe, kwa kuwa gari huanza kuvuta upande mmoja na baada ya muda mfupi tairi huwa limelala. Tairi linalopoteza upepo kidogo kidogo ni gumu zaidi kushughulikia, kwa sababu linamruhusu mwenye gari kuliongeza upepo kila wiki na kuamini kwamba jambo limekwisha. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili anazoziona dereva na kuzifuata hadi kwenye chanzo, na unakaa zaidi kwenye chanzo kinachofikiriwa mwisho, yaani ufa katika rimu ya aloi. Vali mbovu na pancha ndogo ni matatizo ya upepo, lakini ufa ni tatizo la uimara wa gurudumu zima, na upepo unaovuja ni taarifa inayotangulia tu.

Pima kwanza, shuku baadaye

Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa tairi likiwa baridi, baada ya gari kukaa bila kutembea kwa takriban saa 3, kwa geji ileile kila mara. Kiwango kinachotakiwa husomwa kwenye kibandiko kilichopo katika fremu ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, na wanaojaza upepo kwa kuifuata hiyo wanakosea.

Tairi lolote lisilo na tyubu hupoteza upepo hata likiwa zima, kwa kuwa mpira hauzuii hewa kabisa, na upungufu wa psi 1 hadi 2 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye geji) kwa mwezi ni wa kawaida. Halijoto nayo ina mchango wake: ikishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la gari dogo husoma pungufu kwa takriban psi 1.5 bila hewa yoyote kutoka. Kwa hiyo kipimo cha tairi moja peke yake hakisemi mengi. Pima yote manne siku moja, yaweke sawa, andika namba, kisha rudia baada ya wiki. Yakishuka yote kwa kiasi kinachokaribiana, hakuna kinachovuja. Likishuka moja tu na mengine yakabaki, hapo kuna jambo la kutafuta.

Taa ya upepo kwenye dashibodi isichukuliwe kuwa mbadala wa geji. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka taa hiyo iwake upepo unapokuwa chini ya kiwango kwa 25%, maana yake tairi linalopaswa kuwa na psi 32 linaweza kufika 24 kabla dereva hajaambiwa lolote. Baadhi ya magari hayana sensa ndani ya magurudumu, bali hulinganisha kasi ya mzunguko wa kila gurudumu, na mfumo wa aina hiyo hupata shida kugundua matairi yanayopungua yote kwa pamoja. Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ikabaki imewaka, kwa kawaida inaeleza hitilafu ya mfumo wenyewe na haihusiani na upepo.

Kutafuta mahali hewa inapotokea

Gurudumu livuliwe. Kulichunguza likiwa kwenye gari kunaonyesha upande wa nje tu, ilhali sehemu kubwa ya nyufa za rimu huwa upande wa ndani, ule unaotazama breki na springi. Gari liinuliwe kwa jeki mahali pagumu na tambarare, likalishwe kwenye stendi imara, na mtu asiingize mwili wake chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Jaza upepo hadi karibu na kikomo cha tairi bila kukipita, kisha paka maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo kwa brashi laini. Anza na vali, fuata sehemu inayokanyaga barabara, halafu ukingo wa nje na wa ndani ambako mpira unakutana na rimu, na umalizie na mviringo wote wa rimu unaoonekana kutoka upande wa ndani. Uvumilivu unahitajika zaidi ya nguvu. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu yanayokua na kupasuka, lakini uvujaji wa kupoteza psi 3 kwa wiki hutoa utando wa povu laini jeupe unaochukua dakika kadhaa kuonekana, na fundi mwenye haraka huupita bila kuuona. Gereji yenye tangi la maji hufanya kazi hii vizuri zaidi, ilimradi gurudumu lizamishwe lote na liachwe litulie kwanza, kwani hewa iliyonaswa kwenye kona za rimu hupanda juu na kudanganya macho.

Povu kwenye vali

Hili ndilo la kutamani, kwa kuwa ni rahisi. Povu likitoka mdomoni mwa vali, kiini chake kimelegea au kina uchafu. Kikazwe taratibu kwa kifaa chake au kibadilishwe. Likitoka shinani, mahali vali inapopenya rimu, mpira umezeeka na vali yote inapaswa kubadilishwa. Ipinde vali kidogo kwa kidole wakati wa kupaka sabuni, kwa maana nyufa za mpira mkavu hujifunga zinaponyooka. Ni busara kubadilisha vali za mpira kila tairi jipya linapofungwa. Vali yenye sensa ina mpira wake mdogo wa kuzuia hewa unaobadilishwa peke yake, na kofia ya vali hiyo iwe ya plastiki, kwa kuwa kofia za metali tofauti huganda juu ya vali ya alumini hadi vali inakatika wakati wa kuifungua.

Povu kwenye sehemu inayokanyaga barabara

Msumari au skrubu iliyokaa vizuri inaweza kuziba tundu lake yenyewe na kuruhusu hewa kidogo tu, hivyo usiing'oe kabla ya kuwa tayari kuziba. Tundu lisilozidi milimita 6, lililopo katikati ya sehemu ya kukanyagia, linazibika. Tundu la begani au ubavuni halizibwi, kwa sababu sehemu hizo hujikunja kila mzunguko wa gurudumu na kiraka hakidumu. Uzibaji unaostahili kuaminiwa hufanywa tairi likiwa limevuliwa kwenye rimu, kwa kiraka cha ndani chenye shina linalojaza tundu. Kamba ya mpira inayosukumwa kutoka nje inafaa kumfikisha mtu gereji, lakini haimruhusu fundi kuona hali ya ndani ya tairi, na tairi lililotembea na upepo mdogo huharibikia ndani kwanza. Vumbi jeusi la mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu kwa ndani ni sababu tosha ya kulitupa.

Povu linalofuata ukingo wa tairi

Povu likitokea kwenye mstari ambako tairi linakutana na rimu, likaenea kwa sentimita kadhaa au hata robo ya mzunguko, chanzo cha kawaida ni kuliwa kwa alumini. Rimu ya aloi haishiki kutu nyekundu kama chuma, ila maji, chumvi na uchafu vikipenya chini ya rangi huzalisha unga mweupe unaovimba na kuinua rangi kama ngozi iliyoungua. Ukingo wa tairi unategemea uso laini ili kushika hewa, na magamba madogo yasiyohisika hata kwa kucha yanatosha kuunda njia. Rimu zilizopakwa kromu husumbua zaidi, kwa sababu kromu hubanduka vipande vyembamba palepale tairi linapokaa.

Dalili inayosaidia kulitambua tatizo hili ni kwamba uvujaji hauna nidhamu: wiki hii tairi linapoteza psi 5, wiki ijayo 1, kwa kuwa mpira hujipanga upya kila gari linapopiga kona au linapokaa kwenye baridi. Matengenezo yake ni kuvua tairi, kusugua mahali pote linapokaa kwa brashi ya nailoni au msasa laini hadi kwenye alumini safi, kusafisha ukingo wa tairi wenyewe, kupaka gundi maalumu ya kuzibia ukingo, kisha kufunga upya. Grainda isiguswe. Inaondoa alumini bila usawa na kuacha mabonde ambayo gundi haitayajaza, na kazi ya dakika 20 hugeuka kuwa ununuzi wa rimu. Wakati wa kukalisha tairi, upepo usizidishwe juu ya psi 40; likikataa kukaa, litolewe upepo, lipakwe sabuni ya kufungia upya na kutafutiwa kinacholizuia, kwa sababu ukingo unaopasuka chini ya mgandamizo huo unaweza kuua mtu.

Kama mstari wa povu ni mfupi na rimu ni safi, tazama kama kingo zake zimepinda. Izungushe kwenye mashine ya balansi huku ukiweka kitu kilichotulia karibu na ukingo. Pengo linalopanuka na kubana linaonyesha upindaji hata pale ambapo jicho halikuona kitu.

Upepo unapungua safarini, lakini gari likilala halipungui

Dalili hii ndiyo inayopaswa kumfanya mtu afikirie ufa kabla ya kitu kingine. Gari limeegeshwa siku nzima na geji haishuki. Limetembea kilomita chache kwenye barabara mbaya na psi kadhaa hazipo. Ufa mchanga katika alumini huwa umejifunga gurudumu lisipobeba mzigo, kisha hufunguka kidogo kila unapopita chini na uzito wa gari ukaukandamiza. Kwa sababu hiyo rimu inaweza kufaulu mtihani wa tangi la maji na bado ikawa imepasuka. Wakati mwingine upungufu hutegemea hata gari lilivyosimama: likiegeshwa ufa ukiwa chini, tairi linalala kufikia asubuhi, likiegeshwa ufa ukiwa juu, halipungui kabisa. Mwenye gari akiambiwa aweke alama ya chaki juu ya tairi na kuangalia hali yake asubuhi kadhaa, huweza kulithibitisha hili bila kifaa chochote.

Asili ya ufa ni rahisi kuielewa mtu akijua rimu ilivyoundwa. Rimu nyingi za magari madogo humiminwa kwa aloi ya alumini yenye takriban 7% ya silikoni na magnesi kidogo, kisha hupashwa joto karibu nyuzi 540, hupozwa ghafla na kupashwa tena kwa joto la chini ili zikomae. Matokeo yake ni rimu nyepesi na ngumu, ila isiyovumilia kupindwa kama chuma. Upande wa nje unashikiliwa na spoki, ilhali ukingo wa ndani hauna cha kuushikilia zaidi ya silinda yenyewe, yaani mviringo wa rimu unaozungukwa na tairi. Gurudumu linapodumbukia shimoni, ukingo huo wa ndani hupigwa na kupinda kidogo, na metali ikishapinda, kila mzunguko unaofuata unairudisha na kuikunja tena hadi inachoka na kupasuka. Matairi yenye ubavu mfupi huharakisha jambo hili kwa kuwa mpira wa kupokea kipigo ni mchache, na tairi lenye upepo pungufu hufanya vivyo hivyo. Hapa kuna mzunguko mbaya: uvujaji mdogo uliopuuzwa unaiacha rimu bila kinga, shimo linalofuata linaipasua, na uvujaji unaongezeka.

Nyufa za namna hii kwa kawaida huanzia ukingoni kabisa kwa ndani na kuelekea katikati ya rimu, zikiwa na urefu wa sentimita 2 hadi 5 zinapogunduliwa. Nyufa kwenye shina la spoki au kati ya matundu ya nati zina historia nyingine: nati zilizokazwa kupita kiasi, nati ambazo umbo la kichwa chake halilingani na kikao cha rimu, au rimu isiyoundwa kubeba uzito wa gari hilo. Nyufa hizo hazivujishi upepo hata kidogo, na ndiyo sababu ni za hatari zaidi. Hazina geji ya kuzitangaza.

Kutofautisha ufa na mkwaruzo

Safisha mahali panaposhukiwa kwa brashi na kiyeyushi kinachoondoa mafuta, kisha mulika tochi kwa pembeni, mwanga ukilala juu ya uso. Mkwaruzo una kina kinachoonekana na huishia ghafla. Ufa ni mwembamba, hupinda kama mstari wa mto kwenye ramani, na mara nyingi una mstari wa uchafu mweusi uliosukumwa nje na hewa inayotoka. Rangi iliyopasuka peke yake haiendelei mtu akiikwangua hadi kwenye metali.

Mashaka yakibaki, kuna rangi ya kupenya inayouzwa kwa kopo la kupulizia. Hupulizwa juu ya metali safi na kavu, huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao aghalabu ni dakika 10 hadi 30, hufutwa yote juu, halafu hupuliziwa unga mweupe unaoinyonya rangi iliyobaki ndani ya ufa na kuchora mstari mwekundu. Njia ya sumaku na unga wa chuma, inayotumika sana kwa vipuri vya chuma, haifanyi kazi hapa kwa sababu alumini haivutwi na sumaku. Fundi anayeipendekeza kwa rimu ya aloi hajaielewa kazi yake.

Ikiwa povu dogo linatoka katikati ya silinda, mbali na ukingo, na rangi ya kupenya inaonyesha nukta badala ya mstari, tatizo ni vinyweleo vilivyobaki wakati rimu ilipomiminwa, ambavyo huweza kufunguka rimu inaposafishwa kwa tindikali au kupigwa mchanga kabla ya kupakwa rangi upya. Rimu ya namna hiyo haijapasuka, na tabaka zuri la rangi ya unga iliyookwa upande wa ndani linaweza kuiziba.

Je, ufa uchomelewe?

Jibu linategemea mahali ulipo, na kwa sehemu nyingi ni hapana. Watengenezaji wengi wa magari na rimu hawaruhusu uchomeleaji wowote, na katika baadhi ya nchi kazi hiyo haikubaliki kwa gari linalotumia barabara za umma. Sababu ni ya kimetali: uimara wa rimu unatokana na ule upashaji joto wa kiwandani, na joto la kuchomelea hulainisha eneo linalouzunguka mshono. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, hivyo hata fundi mwangalifu hawezi kuona kwa macho ni eneo gani limepoteza ugumu wake.

Pale ambapo kazi hii inaruhusiwa, mafundi makini hukubali ufa mfupi mmoja kwenye ukingo wa ndani tu, huchimba tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, huchonga mfereji, huchomelea kwa gesi ya agoni na waya unaolingana na aloi, kisha huhakiki kwa rangi ya kupenya. Kwa maoni yangu rimu hiyo ihesabiwe kuwa ya kufikia mbadala, na iwekwe nyuma kuliko mbele. Ufa wa spoki, wa kitovu, wa kati ya matundu ya nati, au ufa uliorudi baada ya kuchomelewa mara moja hauna matengenezo. Rimu hiyo imekwisha.

Kuna mambo matatu yanayofanywa mara kwa mara na yasiyopaswa kufanywa. La kwanza ni kuweka tyubu ndani ya rimu yenye ufa, jambo linalozima dalili na kuuacha ufa ukue kimya kimya hadi kipande kikatike. La pili ni kumimina dawa ya kuziba na kuendelea na maisha. Dawa hiyo ni ya dharura, nyingi zina maelekezo ya kutozidi kilomita 80 kwa saa, huharibu balansi, huweza kuziba sensa, na humchafulia kazi fundi anayefuata. Iliyo ya kopo la gesi inaweza pia kushika moto, hivyo mjulishe fundi kwamba ilitumika. La tatu ni baya kuliko yote: kupasha joto au kuchomelea rimu tairi likiwa bado limefungwa. Mpira unaoungua kwa ndani hutoa gesi zinazoweza kulipuka kwa nguvu ya bomu, hata kama kiini cha vali kimeshatolewa.

Baada ya kurudisha gurudumu

Kabla ya kulirudisha, futa kutu na uchafu kwenye uso wa kitovu, kwani rimu isiyokaa sawasawa hutetemeka na kulegeza nati. Zikaze nati kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha gari; kwa magari madogo mengi huwa kati ya 100 na 140 Nm (nyutoni-mita). Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 110 kwa saa licha ya balansi mpya, shuku upindaji wa rimu ya mbele. Kiti kikitetemeka zaidi ya usukani, angalia ya nyuma.

Pima upepo kesho yake asubuhi, kisha baada ya wiki moja, na ulinganishe na matairi mengine matatu. Kama umebadilisha rimu na uvujaji ukalifuata tairi, kosa lilikuwa kwenye tairi, na rimu ya zamani inastahili kuchunguzwa tena kabla ya kuhukumiwa. Ile iliyothibitika kuwa na ufa usiotengenezeka ikatwe kwa msumeno kabla ya kuuzwa kama alumini chakavu, kwa sababu rimu iliyopasuka ikipakwa rangi upya hurudi sokoni kwa urahisi.